Kumpiga picha kipepeo kwenye ua: mwongozo kwa aliye Tanga

Kipepeo hakimbizwi. Ukimfuata ua kwa ua utachoka wewe kabla yake, na utakachorudi nacho ni picha ya jani alilotoka kulikalia. Wanaopata picha nzuri ni wale wanaochagua ua, wakakaa karibu nalo, wakamngoja mwenyewe aje. Mengine yote yaliyomo humu, kamera ikiwemo, yanafuata baada ya hilo.

Na Tanga tumebahatika. Nyuma yetu ipo milima ya Usambara Mashariki, misitu ambayo watafiti wameichunguza tangu Wajerumani walipofungua kituo chao pale Amani mwaka 1902. Lakini kuanza hakuhitaji nauli ya kupanda mlima. Nyumba ya Chumbageni au Mikanjuni yenye mlimau mmoja na mstari wa zinia mbele ya baraza inakutosha kwa miezi mingi.

Hatua ya kwanza: jua saa zao, na uujue upepo

Kipepeo anategemea jua limpashe joto. Asubuhi misuli ya mbawa ikiwa bado baridi hawezi kuruka sawasawa, kwa hiyo hutafuta jani au ukuta uliopigwa na jua, akatandaza mbawa, akaota. Huo ndio wakati wako. Kwa huku kwetu, kuanzia saa moja na nusu hadi kama saa nne asubuhi, jua linatokea kando, rangi zinatoka vizuri, na mwenyewe bado mzito. Saa tano ikishapita mambo yanaharibika: jua linakaa utosini, bawa la juu linatupa kivuli cheusi juu ya la chini, na kila kipepeo anaruka kama mtu anayekwepa mdai. Jioni pana nafasi nyingine, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, ingawa mara nyingi upepo wa baharini unakuwa haujatulia.

Upepo unasumbua kuliko mwanga. Mwanga hafifu una dawa; shina la zinia linaloyumba halina. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, wa Raskazone na wote wanaokaa karibu na bahari watafute upande wa nyumba uliokingwa, au wapige mapema zaidi na kuacha mapema. Siku ambayo makuti yanavuma tangu alfajiri, achana na vipepeo ushughulike na viwavi, ambao upepo hauwabandui kwenye jani. Nitawafikia.

Masika nayo isikutishe. Mvua ikinyesha usiku kucha kisha jua likachomoza, vipepeo waliojificha hutoka na njaa zao kwa pamoja. Tena mvua huchipuza majani mabichi, na majike mengi hupenda kutaga kwenye majani machanga. Asubuhi moja ya namna hiyo mwezi wa Mei ina faida kuliko wiki nzima ya kiangazi.

Hatua ya pili: chagua ua

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na ndipo picha inapopatikana au kupotea.

Ua zuri machoni petu si lazima liwe na kitu kwa kipepeo. Waridi la kisasa, lile la petali nyingi zilizosongamana, mara nyingi hulipita tu kwa sababu mlango wa nekta, yaani maji matamu ya ua, umezibwa. Asumini hufunguka jioni na kunukia usiku. Hilo ni ua la nondo. Haibiskasi anaingia, lakini anazama mpaka unachopata ni picha ya makalio yake. Mwachie chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua. Bogonvilia inachanganya: ile rangi ya zambarau au nyekundu unayoiona ni majani tu, ua lenyewe ni kile kijirija cheupe kilicho katikati. Vipepeo hukijua, ila hupita haraka na kusimama pembe mbaya.

Yanayofaa ni maua madogo yaliyokaa pamoja yakafanya uwanja bapa, ili kipepeo apate pa kusimama na anyonye kimoja baada ya kingine bila kuruka. Zinia zenye safu moja ya petali, pentasi, iksora, mrehani ulioachwa ukachanua, alizeti. Pentasi naipa nafasi ya kwanza. Ni mmea wa asili ya Afrika Mashariki, unachanua karibu mwaka mzima ukipata maji, na kipepeo akiukalia hukawia. Kuna na lantana. Hiyo usiipande, kwa sababu ni mmea vamizi na ukishaingia shambani utaung'oa mpaka uchoke. Lakini ilipojiotea tayari, kando ya uzio au ya njia, simama hapo. Vipepeo wanaipenda mno.

Ukishajua aina ya ua, tafuta ua lenyewe. Weka simu mfukoni, kaa robo saa uangalie tu. Utaona kuna kichaka kinachotembelewa tena na tena na kingine jirani yake kinachosahaulika. Kwenye kile kinachotembelewa chagua ua lililo kati ya kiuno na kifua chako, linalopigwa na jua kwa ubavu, na ambalo nyuma yake hakuna kitu kwa umbali wa mita moja au zaidi. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloondoa mabati, ndoo na waya wa umeme kwenye picha yako. Ukuta mweupe wa chokaa ukiwa ubavuni ni msaada, maana unarudisha mwanga upande wenye kivuli. Ukiwa nyuma ni balaa.

Kisha jua vipepeo wanakozaliwa. Mlimau, mdimu na mchungwa hulisha viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano hafifu, Papilio demodocus. Kwa wilaya ya machungwa kama Muheza, huyo hamkosi. Mtopetope hutembelewa na Graphium angolanus, mweusi na mweupe, mwenye haraka. Jamii ya mjohoro ndiyo yenye wale weupe na wa manjano wanaopita barabarani kwa makundi, Catopsilia florella. Bustani yenye maua na mti wa kulishia viwavi kwa pamoja haiishiwi.

Wako pia wasiojali maua kabisa. Charaxes, wenye miili minene na mbawa za nguvu, hutaka utomvu wa mti, mavi ya wanyama na matunda yaliyooza. Wakati wa maembe weka embe lililochachuka juu ya kigogo, usogee. Na ukiona kundi limekaa juu ya mchanga mbichi karibu na bomba, wengi wao ni madume wanaofyonza chumvi. Hao hutulia vizuri kuliko wa kwenye ua.

Hatua ya tatu: piga hodi

Bustani nyingi nzuri za Tanga si zako. Ni za bibi wa nyumba ya pili.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Asante. Naomba nipige picha vipepeo kwenye maua yako pale."

"Vipepeo? Piga. Na hao wadudu wanaokula mlimau wangu uondoke nao."

Usimweleze hapo hapo kuwa wadudu hao ndio vipepeo wa mwezi ujao. Piga kwanza, muonyeshe picha, halafu mwombe akuachie tawi moja asilipulizie dawa.

Jambo la adabu: nyuma ya maua kuna kamba ya nguo, na nyuma ya kamba kuna shangazi amejifunga kanga anamenya vitunguu. Sema mapema lenzi itaelekea wapi, uielekeze chini, na yeyote akitokea ishushe.

Hatua ya nne: chombo ulichonacho

Simu inatosha kuanzia, ukiijua. Tumia kamera yake kuu. Ile lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya megapikseli 2 inayowekwa kwenye simu za bei nafuu ni pambo tu. Picha ya kamera kuu uliyoikata baadaye itaishinda. Usisogee mpaka simu ikashindwa kufokasi: rudi nyuma kidogo, kuza mara mbili, piga. Gusa skrini juu ya kipepeo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Piga kwa kitufe cha sauti, maana kidole kikigonga skrini mkono unatikisika. Lenzi za kubana mbele ya simu zinadai usogee sentimita chache kabisa. Kwa kiwavi sawa, kwa kipepeo utakuwa unajisumbua.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha, lenzi ya 70–300 mm itakufaa zaidi ya unavyodhani, kwa sababu inakuacha umbali wa mita moja na nusu. Makro ya 100 mm ni bora kwa ukali wa picha, lakini inadai usogee, na kusogea ni ufundi. Kwa kuanzia weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/800 ya sekunde, tundu la lenzi f/8 (namba ikipungua tundu linapanuka), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipangie yenyewe isivuke 1600. Ukifungua tundu mpaka f/2.8 utapata jicho kali na mbawa zilizoyeyuka. Chembechembe za ISO kubwa zinavumilika. Picha iliyotikisika haivumiliki.

Tripodi iache nyumbani. Flashi pia, isipokuwa uwe na ya kulainisha mwanga. Badala yake beba karatasi moja nyeupe ya A4: ikishikwa chini ya ua, upande wa kivuli, inarudisha mwanga kwenye tumbo la kipepeo bila kelele wala betri. Na ukipiga karibu na bahari, futa lenzi kwa kitambaa laini kila ukirudi. Ule unyevu una chumvi.

Hatua ya tano: kusogea

Macho ya kipepeo yanaona karibu pande zote, na yanachokamata haraka ni mwendo na badiliko la mwanga. Kivuli chako kikimpitia, keshaondoka. Kwa hiyo kabla ya kusogea angalia kivuli chako kimelalia wapi.

Akitua, usifanye kitu. Mtazame usoni. Kwanza hupapasa ua kwa miguu, maana ladha anaionjea miguuni. Halafu ule mrija uliokunjwa chini ya kichwa unakunjuka, unajipinda katikati, unaingia ndani ya kijiua. Mrija ukishaingia, ndipo usogee nusu hatua. Ukitoka, simama. Ukiingia cha pili, sogea tena. Viwiko vibane mbavuni, au piga goti uegemeze mkono juu ya goti. Mtu aliyezoea huja toka mita tatu mpaka nusu mita namna hiyo, na kipepeo hana habari.

Akiruka, baki hapo hapo. Wengi huzunguka wakarudi kwenye kichaka kilekile, na safari ya pili wanakukuta umeshakuwa sehemu ya bustani.

Usimshike. Lile vumbi linalobaki vidoleni ni magamba ya mbawa, ndiyo yenye rangi zote unazozitaka, na hayaoti tena. Na wapo wanaowaweka vipepeo kwenye friji ili wapoe watulie. Picha za namna hiyo anayewajua vipepeo huzitambua: miguu imekaa ovyo, vipapasio vimelala, na kipepeo wa mchana ana umande asioupata popote.

Hatua ya sita: kupiga

Fokasi iende kwenye jicho. Bawa likiwa kali na jicho likiwa na ukungu, picha hiyo ifute.

Baada ya jicho, fikiria bapa. Lenzi ikiwa karibu, sehemu iliyo kali ni nyembamba mno, milimita chache tu, kwa hiyo uso wa kamera uwe sambamba na mbawa. Amefunga mbawa? Piga kwa ubavu kabisa. Amezifungua? Inuka upige kutoka juu, au ngoja ainamishe ua lenyewe. Kati na kati ndiko picha nyingi zinakofia: bawa moja kali, la pili maziwa.

Piga mfululizo, picha tano au sita kila anapotulia, hasa kwa wale wakubwa weusi wa kwenye milimau. Hao hawatulizi mbawa hata wakinyonya. Wanapiga mbawa muda wote juu ya ua. Kwao pandisha shata hadi 1/1600 ukitaka mbawa zisimame, au shusha hadi 1/125 ukitaka mbawa zifanye moshi huku kichwa kikiwa kimya. Mimi naipenda ya pili, ingawa wengi hawaipendi.

Weupe na weusi hudanganya kamera. Catopsilia mweupe juu ya jani la kijani atatoka ameungua, hana mishipa. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya daraja (kwenye kamera huandikwa −0.7). Demodocus mweusi mbele ya ukuta atatoka kivuli kitupu; ongeza kiasi hichohicho.

Na kabla hujaridhika, hatua moja kushoto, moja kulia. Kipepeo ni yuleyule, ua lilelile, lakini nyuma pamebadilika kutoka ndoo ya bluu kuwa kivuli cha mwembe.

Viwavi, kwa siku za upepo

Nenda kwenye mlimau, tafuta jani changa. Utaona kitu kidogo cha hudhurungi na kibaka cheupe, ukaapa ni kinyesi cha ndege. Hicho ndicho kiwavi mchanga wa demodocus, na kufanana huko ndiko kunakomwokoa na ndege. Akikua hugeuka kijani. Mguse kwa kijiti polepole: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini, za rangi ya chungwa iliyoiva, na harufu kali inafuata. Zinadumu kidogo kisha zinarudi ndani, kwa hiyo kamera iwe tayari kabla ya kijiti. Mara moja inatosha, usimchezee.

Baadaye atajifunga kwenye kijiti na kuwa pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo, akakaa wiki mbili hivi. Weka alama ya uzi kwenye tawi, upite kila asubuhi. Pupa ikianza kuwa nyeusi na mistari ya mbawa ikaonekana kwa ndani, kesho yake amka mapema. Kipepeo aliyetoka hivi punde hana mkwaruzo hata mmoja, mbawa zimekunjamana kisha zinajinyoosha taratibu, na haruki mpaka zikauke. Una saa nzima au zaidi ya kumpiga kwa makro, kwa tripodi ile uliyoiacha nyumbani, upendavyo. Hakuna ua litakalokupa nafasi kama hiyo.

Hatua ya saba: jua umempiga nani

Kabla hajaruka piga pande zote mbili za mbawa, wa juu na wa chini. Upande mmoja mara nyingi hautoshi kumtambua.

Mfano ambao utakutana nao bustanini kwako: kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole bila wasiwasi. Huyo ni Danaus chrysippus. Hana wasiwasi kwa sababu kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na ndege aliyemwonja mmoja hamrudii wa pili. Lakini jike la Hypolimnas misippus, ambalo halina sumu hiyo, limevaa nguo zilezile. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, misippus ana moja tu ukingoni mwa juu. Dume la misippus halifanani nao hata kidogo. Ni jeusi, na kila bawa lina baka kubwa jeupe lenye mng'ao wa zambarau kandokando, na mng'ao huo unaonekana pembe fulani tu, kwa hiyo mzunguke.

Majina ya wengine utayapata ukipandisha picha kwenye iNaturalist, programu ya mtandaoni ya kutambua viumbe, ambako ni bure na watu wanaojua husaidia kutambua. Andika tarehe, na mahali weka jina la mtaa. Nyumba ya bibi ifiche ramani yake, programu ina nafasi ya kufanya hivyo. Nyumbani kwako picha zipe majina siku ileile: aina, ua, mtaa, tarehe. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka.

Ukitaka kupanda Amani

Bustani ikishakuzoea, panda basi la Muheza kisha usafiri wa kwenda Amani. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997, kiingilio hulipwa, na mwongozaji ni vizuri umchukue maana anajua kijito gani kina vipepeo. Huko katika kijiji cha Fanusi wanakijiji walianza ufugaji wa vipepeo mwanzoni mwa miaka ya 2000, pupa zikisafirishwa kwenda mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani, hadi zuio la mwaka 2016 la kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi lilipowagusa nao. Mfugaji wa vipepeo akikupa nafasi ya kuongea naye, muulize kila spishi inataga kwenye mti gani, kwa sababu yeye amewalisha.

Msituni ni kiza, ISO itapanda mpaka 3200, ikubali. Simama kwenye mapengo ambako jua linafika chini, pembeni mwa njia na vijito, kati ya saa tatu na saa sita, kwa kuwa kule juu joto linachelewa. Na ukishuka Tanga na kamera iliyopoa, usiifungue kwenye mfuko mpaka ipate joto la mjini, la sivyo lenzi itajaa mvuke.